Chardonnay ya Nchi Baridi Katika Meza ya Uganda: Mwongozo Kamili wa Kuchagua, Kutunza, Kupoza na Kula Nayo

Chupa ya Chardonnay kutoka shamba dogo la familia, liwe la Elgin kule Afrika Kusini au la Chablis nchini Ufaransa, ikifika Kampala imeshapita mengi. Imepanda meli, imeshuka Mombasa, imekaa ndani ya kontena, imevutwa na lori zaidi ya kilomita 1,100 hadi huku kupitia Malaba au Busia, kisha imesimamishwa kwenye rafu chini ya taa kali. Aliyeitengeneza alihangaika mwaka mzima kulinda kitu kimoja: uchachu safi wa zabibu iliyoiva polepole kwenye baridi. Kazi yetu sisi tunaoipokea ni kuufikisha uchachu huo mezani ukiwa hai. Mara nyingi hupotelea hapahapa kwetu, kwa njia mbili zinazopingana: joto la buti la gari na baridi ya friji iliyopitiliza.

Nawaandikia watu wa Kampala, Entebbe, Jinja, Mbarara na kwingineko nchini ambao hawana chumba cha chini ya ardhi wala kabati maalumu la kupozea mvinyo, ila wana chupa moja au mbili na wanataka kuzinywa vizuri, pamoja na chakula chetu.

Hatua ya 1: Ujue unachonunua

Chardonnay ni zabibu nyeupe yenye asili ya Burgundy, mashariki mwa Ufaransa. Vipimo vya vinasaba vilivyotangazwa mwaka 1999 vilionyesha kwamba ilizaliwa na zabibu mbili: Pinot, ambayo watu waliithamini, na Gouais Blanc, ambayo waliidharau. Yenyewe haina harufu kali. Hupokea tabia ya mahali ilipokulia na mkono wa aliyeitengeneza, ndiyo maana chupa mbili zenye jina hilohilo zinaweza kuwa vinywaji viwili tofauti kabisa.

Ikilimwa penye joto, inaiva haraka. Sukari inapanda, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kuwa pombe, hivyo unapata mvinyo mzito wenye harufu ya embe na nanasi lililoiva sana, mara nyingi wenye pombe ya asilimia 14 au zaidi. Penye baridi mambo ni tofauti. Zabibu ina asidi mbili kuu, ya tartariki na ya maliki. Asidi ya maliki, ambayo ndiyo pia iliyo kwenye tofaa bichi, hutumiwa na tunda lenyewe linapopumua, na joto likizidi huisha upesi. Usiku wa baridi huibakiza. Ndipo unapokutana na ndimu, tofaa la kijani, peasi, maua meupe, na ile hali ya mate kujaa mdomoni baada ya kumeza.

Msomaji wa Kigezi atauliza: mbona na sisi tuna baridi? Kabale iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na matofaa yanalimwa huko. Lakini mkulima wa tofaa wa Kabale hupukutisha majani kwa mkono ili kuulazimisha mti upumzike, kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuufanyia kazi hiyo. Mzabibu nao unahitaji usingizi wa namna hiyo. Jirani zetu wa Dodoma, ambako ni joto na kukavu, hupogoa na kuvuna mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wao una sifa zake nzuri, lakini si hizi. Kwa hiyo Chardonnay ya nchi baridi kwetu itaendelea kuwa mgeni kutoka mbali, na mgeni huandaliwa.

Kwa nini shamba dogo la familia? Kampuni kubwa ikipata mavuno dhaifu bonde moja, huchanganya na zabibu za bonde jingine na tofauti haionekani. Familia yenye hekta chache haina pa kujificha, kila chupa inaeleza mwaka ulivyokwenda. Hatari yao nayo ni kubwa. Aprili 2021 baridi kali ya usiku iliunguza vichipukizi vya mizabibu katika maeneo mengi ya Ufaransa, Chablis ikiwemo. Huko wakulima hukesha usiku wa namna hiyo wakiwasha mishumaa mikubwa katikati ya mistari ya mizabibu, au wakinyunyiza maji yagande juu ya vichipukizi na kuvikinga. Pipa la kawaida la Burgundy lina lita 228, ambazo hazizidi sana chupa 300. Familia ikipoteza mapipa kumi, imepoteza chupa 3,000, na pengine ndiyo ada ya shule ya watoto. Ninapoona bei ya chupa kama hiyo iko juu kuliko ya kampuni kubwa, sioni kuwa naibiwa.

Hatua ya 2: Soma lebo, mbele na nyuma

Anza na mahali. Kwa chupa za Afrika Kusini tafuta Elgin, Hemel-en-Aarde, Walker Bay au Elim. Zote ziko kusini, zinapigwa na upepo wa baharini. Elgin ilijulikana kwa matofaa kabla ya kujulikana kwa mvinyo, na hilo peke yake linakueleza hali ya hewa yake. Hemel-en-Aarde, karibu na mji wa Hermanus, ilipata jina baada ya Tim Hamilton Russell kununua shamba huko mwaka 1975, na shamba hilo lilibaki mikononi mwa familia. Australia ina Tasmania, Adelaide Hills na Mornington Peninsula. Marekani ina Willamette Valley katika jimbo la Oregon. Chile ina Casablanca na Limarí.

Chupa za Ufaransa zina mtego wake: nyingi haziandiki neno Chardonnay kabisa, zinaandika kijiji. Ukiona Chablis, Saint-Véran, Pouilly-Fuissé, Meursault au Puligny-Montrachet kwenye mvinyo mweupe, ndani ni Chardonnay. Chablis yenyewe ina ngazi nne: Petit Chablis, Chablis, Chablis Premier Cru na Chablis Grand Cru. Kwa chupa ya kwanza, Chablis ya kawaida inatosha kabisa kukufundisha ladha ya nchi baridi.

Kisha tafuta dalili za familia. Kwenye lebo ya Kifaransa maneno "Mis en bouteille au domaine" yanamaanisha mvinyo ulitiwa chupani palepale shambani. Afrika Kusini maneno "Estate Wine" yanalindwa na sheria: zabibu zimelimwa, mvinyo umetengenezwa na kutiwa chupani na shamba hilohilo. Jina la ukoo kubwa kwenye lebo halithibitishi kitu, kwa sababu kampuni kubwa nazo hupenda kuweka majina ya ukoo. Mstari mdogo wa chini, unaotaja nani amelima na nani amejaza, ndio wa kuamini.

Angalia asilimia ya pombe. Kati ya 12 na 13.5 inaendana na nchi baridi. Ikifika 14.5, lebo hata ikisema "cool climate", mimi nairudisha kwenye rafu.

Angalia kama imepita kwenye pipa. Chupa iliyoandikwa "unwooded" au "unoaked" haikuguswa na mbao za mwaloni, kwa hiyo itakuwa nyepesi na kali. Iliyoandikwa "barrel fermented" ilichachuka ndani ya pipa, kwa hiyo tegemea vanila kidogo, lozi, mkate uliookwa. Mara nyingi mvinyo wa namna hii umepitia pia hatua ambayo bakteria hugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, iliyo kwenye maziwa ya mgando. Uchachu unalainika, na harufu ya siagi inajitokeza. Hakuna ulio bora kuliko mwenzake, chakula utakachopika ndicho kitaamua.

Mwaka nao una maana. Kusini mwa dunia zabibu huvunwa Februari hadi Aprili, kaskazini ni Septemba au mwishoni mwa Agosti. Mvinyo wa 2023 wa Elgin umeutangulia ule wa Chablis wa mwaka huohuo kwa karibu nusu mwaka. Kwa chupa isiyopita kwenye pipa, sipendi kununua iliyovuka miaka mitatu au minne, hasa kama sijui imekaa wapi.

Hatua ya 3: Ikague chupa kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu joto la safari halionekani kwenye lebo. Ishike chupa ikiwa wima, uinue kuelekea mwanga wa mlangoni. Kama ina kizibo cha gome, mvinyo ufike karibu na sehemu ya chini ya kizibo. Ukiona pengo kubwa, au alama ya mvinyo uliokauka shingoni, au kizibo kimesukumwa juu hadi kifuniko kimevimba, chupa hiyo imepata joto: mvinyo ulitanuka ukakisukuma kizibo nje. Iache. Kisha rangi. Chardonnay changa ya nchi baridi ina rangi ya majani makavu yenye dalili ya kijani. Ikiwa ya dhahabu nzito inayoelekea kahawia na mwaka wake ni wa juzi, nayo iache.

Ukiona vipande vyeupe vinavyong'aa chini ya chupa, kama chumvi ya mawe iliyosagwa, usiogope wala usidhani ni vioo. Hizo ni chembe zinazotokana na asidi ya tartariki, zilizoganda kwenye baridi. Mashamba makubwa hupoza sana mvinyo ili chembe hizo zitoke kabla ya kujaza chupa, na familia nyingi huamua kutoutesa mvinyo hivyo. Hazina madhara.

Chupa ya kizibo cha kuzungusha si ya daraja la chini. Australia na New Zealand huitumia hata kwa mvinyo wao wa bei kubwa, na kwa safari yetu ndefu ya barabarani mimi naiamini.

Uliza maswali bila aibu. "Nnyabo, mzigo huu uliingia lini? Katoni mnaziweka wapi?" Muuzaji anayejua kazi yake atakujibu, na mara nyingi atakutolea chupa ya ndani ya katoni badala ya ile iliyosimama dirishani. Chukua hiyo ya katoni. Mwanga nao huharibu mvinyo mweupe, hasa ulio kwenye chupa angavu. Na hakikisha ina stempu ya kodi ya URA, ambayo unaweza kuikagua kwa simu kwa programu ya Kakasa. Mzigo ulioingia kwa njia za panya hakuna ajuaye ulikaa wapi juani.

Hatua ya 4: Ifikishe nyumbani, uilaze

Foleni ya Jinja Road saa nane mchana, gari limefungwa vioo, chupa iko kwenye buti: hiyo inatosha kuupika mvinyo. Iweke ndani ya gari, chini ya kiti cha mbele, umeizungushia kitambaa. Kama unarudi kwa bodaboda, itie kwenye mkoba wa mgongoni katikati ya nguo, na usipitie sokoni kwanza. Nunua mvinyo mwisho wa mizunguko yako.

Nyumbani, tafuta mahali penye giza, pasipotikisika, na joto lisilopanda na kushuka. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, na hilo ni bahati yetu, kwani chumba cha ndani kisichopigwa na jua la jioni hubaki na hali ya wastani. Chini ya kitanda, juu ya sakafu ya saruji, ndani ya katoni yake, ni pazuri. Juu ya friji ni pabaya: kuna joto la mashine na mtikisiko usiokoma. Jikoni karibu na sigiri ni pabaya zaidi. Chupa ya kizibo cha gome ilale ubavu ili kizibo kisikauke, ya kuzungusha isimame upendavyo.

Mvinyo huu ukiwa kwenye nyuzi 12 hadi 14 unaweza kuendelea kukomaa kwa miaka, hasa Premier Cru. Sisi hatuna nyuzi hizo bila umeme, kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: nunua kwa ajili ya miezi michache ijayo. Kama unaitunzia harusi au mahafali ya mwakani, ilaze sehemu ya chini ya friji, pale pa mboga. Umeme ukikatika usiku mmoja usihangaike, acha mlango umefungwa. Kinachoumiza ni kuitoa na kuirudisha kila wiki.

Hatua ya 5: Ipoze kwa kiasi

Hatua hii isome polepole, maana ndiyo inayobadilisha kila kitu na haigharimu chochote.

Chardonnay ya nchi baridi inapendeza kati ya nyuzi 10 na 12. Ile iliyokaa kwenye pipa inaweza kufika 13. Friji ya nyumbani ni karibu nyuzi 4. Kwenye nyuzi 4 harufu hulala, uchachu unakuwa kama wembe, na ile kazi yote ya familia, peasi, maua, lozi, huioni. Umelipia mvinyo ukanywa baridi tu. Upande wa pili, ukiimimina kwa joto la sebule, nyuzi 25 au 26, pombe inakuvamia puani na mdomo unabaki mzito.

Kama chupa ilikuwa sebuleni, iweke kwenye friji muda wa saa mbili hadi mbili na nusu kabla ya kula. Kama ililala kwenye friji, itoe nusu saa au zaidi kidogo kabla ya kumimina. Ikimiminwa kwenye glasi kavu itapata joto jingine lenyewe.

Wageni wamefika ghafla? Chukua ndoo ndogo au sufuria ndefu, tia barafu nusu na maji nusu, ongeza konzi ya chumvi, uzamishe chupa hadi mabegani. Dakika 15 hadi 20 zinatosha. Maji ni ya lazima, kwa sababu vipande vya barafu vikiwa vikavu vinaigusa chupa hapa na pale tu, na hewa iliyo katikati haipozi. Chumvi huyashusha maji chini ya sifuri bila kuganda, hivyo kazi inakwenda haraka. Zungusha chupa taratibu mara mbili tatu ili mvinyo wa pembeni na wa katikati uchanganyike. Kwenye sehemu ya kugandishia usiiweke bila kutega kengele ya simu, kwa sababu mvinyo ukiganda hutanuka, ukasukuma kizibo au kupasua chupa.

Barafu ndani ya glasi, hapana. Inapoza na kuzimua kwa pamoja, na mvinyo huu ni mwembamba tayari. Mezani, badala ya kuiacha chupa kwenye barafu muda wote, itoe na kuirudisha. Mimina kidogo kidogo, theluthi ya glasi. Kilichomo kwenye glasi hupata joto haraka katika hewa yetu, na ni afadhali kuongeza mara nyingi kuliko kujaza mara moja.

Hatua ya 6: Fungua na uonje

Kizibuo kiingie katikati ya kizibo, uzungushe mpaka ubaki mzunguko mmoja, uvute polepole. Kifuniko cha kuzungusha, shika sehemu ya chini ya kifuniko kwa mkono mmoja, na uzungushe chupa kwa mkono mwingine.

Glasi iwe na tumbo na mdomo uliobana kidogo. Kabla ya kumimina, nusa glasi ikiwa tupu. Glasi iliyofungiwa kabatini hunuka mbao, na iliyosuuzwa haraka hunuka sabuni, na vyote viwili hushinda harufu ya Chardonnay. Isuuze kwa maji matupu, ikauke.

Sasa nusa bila kutikisa. Kisha zungusha glasi, unuse tena. Harufu ya karatasi ngumu iliyoloa au nguo iliyovunda ni ya kizibo kibovu, na chupa hiyo haina dawa. Irudishe dukani ikiwa bado imejaa. Harufu ya tofaa lililokatwa likaachwa mpaka likawa kahawia inaonyesha kuwa hewa iliingia. Ladha ya tunda lililopikwa, isiyo na uhai, ni joto la safari. Lakini harufu ya kiberiti kilichowashwa sasa hivi si ugonjwa. Hutokea kwa mvinyo uliotengenezwa kwa kuukinga sana na hewa, na watu wengine wanaitafuta. Ikikusumbua, mimina chupa kwenye jagi la kioo, subiri dakika 10.

Kunywa kiasi kidogo, ukizungushe mdomoni, umeze, kisha usubiri bila kusema. Angalia pembeni mwa ulimi: mate yanakuja? Hiyo ndiyo nchi baridi. Chablis, iliyo kwenye udongo wa chokaa uliojaa mabaki ya viumbe wa bahari ya kale, inaacha kitu kama chumvi na jiwe lililoloa. Elgin inakuja na tofaa na ganda la limau. Ile ya pipa inaanza na siagi, inaishia kwenye ndimu. Rudi kwenye glasi hiyohiyo baada ya dakika 10, ikiwa imepata joto kidogo, utakuta harufu ambazo hazikuwepo. Nawaomba wageni wangu wasimalize glasi ya kwanza haraka kwa ajili ya dakika hizo.

Hatua ya 7: Chakula

Kanuni yangu ni fupi: mvinyo wenye uchachu unataka mafuta, chumvi na samaki. Uganda ina vyote vitatu.

Ngege mzima wa kukaanga, kama anavyokaangwa kwenye mwalo wa Ggaba, ndiye mwenzi wa kwanza wa Chardonnay isiyopita kwenye pipa. Ngozi iwe imekauka kwa kukaangwa, chumvi ya kutosha, nyama ya ndani ibaki nyeupe yenye maji. Mafuta yanakaa ulimini, mvinyo unayaosha, unarudi kwenye samaki. Ndimu ikamuliwe kidogo tu. Ukiiloanisha samaki yote kwa ndimu, mvinyo utaonekana bapa, kwa sababu uchachu wa sahani umeuzidi wa glasi. Kachumbari iwe bila pilipili au iwe pembeni. Sangara, mwenye minofu minene, anafaa achomwe na kupakwa siagi, na hapo Chardonnay ya pipa inakaa vizuri zaidi.

Luwombo ya kuku ni chakula cha heshima, na nadhani kinastahili mvinyo huu kuliko vyakula vingi vya hotelini. Jani la ndizi lililobabuliwa linaipa nyama harufu ya moshi na majani mabichi, mchuzi unakuwa laini, na matoke pembeni hayana ladha ya kupingana na chochote. Chagua ya pipa. Ikiwa luwombo ni ya karanga, mchuzi ni mzito, na bila uchachu wa mvinyo utashiba mapema. Malewa ya Bugisu, yaani machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi, yakipikwa kwa karanga yanaingia njia hiyohiyo, moshi wake na mbao za pipa vinaelewana.

Eshabwe ya Ankole inanishangaza kila mara. Samli imepigwa na maji ya chumvi ya mawe mpaka ikawa nyeupe na laini, imekolea chumvi, ina harufu ya maziwa yaliyokomaa. Ichovye kwa kipande cha kalo (ugali wa wimbi) au kiazi, kisha unywe Meursault au Chardonnay ya Hemel-en-Aarde iliyolala kwenye pipa. Siagi ya glasi inaikuta samli ya bakuli, halafu uchachu unapita katikati na kusafisha. Kama una nafasi ya kujaribu jambo moja tu katika mwongozo huu wote, jaribu hili.

Na nsenene, wale panzi wa kuliwa. Msimu wa Novemba, na ule mdogo wa Aprili na Mei, wanauzwa barabarani kwa vikombe. Wakaange kwa mafuta yao wenyewe, kitunguu kidogo, chumvi, mpaka walie kavu kwenye sufuria. Petit Chablis baridi kidogo kuliko kawaida, nyuzi 9 hivi, na bakuli la nsenene: mafuta, chumvi, mkwaruzo, ndimu. Mgeni wa Ulaya aliyezoea kula chaza na Chablis ataelewa mara moja.

Visivyofaa nitavitaja haraka. Gonja la kuchoma na chochote chenye sukari hufanya mvinyo huu uonekane siki. Pilipili kali huzidisha moto wa pombe. Muchomo wa mbuzi uliokolea moshi unaushinda nguvu, mpe bia. Nyama ya ng'ombe ya mchuzi mzito inataka mvinyo mwekundu.

Katika kila meza yetu kutakuwa na asiyekunywa, awe Mwislamu, mlokole, mjamzito au dereva wa jioni hiyo. Muandalie kinywaji chake kwa bidii ileile: juisi ya ndimu na tangawizi yenye sukari kidogo, ikiwa baridi, kwenye glasi nzuri kama ya wengine. Inakwenda na ngege vilevile.

Hatua ya 8: Iliyobaki

Ifunge mara moja, uirudishe kwenye friji ikiwa imesimama. Itadumu siku tatu, pengine nne, na ile ya pipa siku ya pili huwa imefunguka zaidi. Kama imebaki nusu, imimine kwenye chupa ndogo ya soda ya kioo iliyooshwa vizuri, ijae hadi juu, ufunge: hewa ikikosa nafasi, mvinyo hauchoki haraka. Ikishapoteza uhai usiimwage. Kaanga kitunguu kwenye siagi, tia glasi moja ya mvinyo huo, acha ichemke mpaka ibaki nusu, weka minofu ya sangara, funika dakika nane kwa moto mdogo, kisha onja chumvi mwishoni, kwa sababu mchuzi ukishapungua chumvi huzidi upesi.